Mama Mkwe na Vita vya Madude

Mtu akigundua kwamba napenda katuni za vita za Kijapani, zile zenye mashine za umbo la binadamu, ndefu kuliko nguzo ya umeme, zinazoendeshwa na askari aliyeketi ndani ya kifua cha chuma, huniuliza swali moja tu: nianzie wapi? Zamani swali hilo lilikuwa linanipandisha mori. Nilikuwa nachukua karatasi ya kopi iliyoharibika na kuanza kuchora. Hii ilitoka kwanza lakini usianze nayo. Hii ni ya pili ila matukio yake yametangulia. Hii iruke mpaka uwe umekomaa. Nilijiona natoa huduma kwa jamii. Wengi walinishukuru, wakakunja karatasi yangu wakaitia mfukoni, na habari zao zikaishia hapo.

Siku hizi sichori kitu. Nawapa ile ya sehemu arobaini na nane, ya kikosi kidogo kinacholinda njia ya mlimani kwa mashine zilizochoka, na nawaambia waangalie sehemu moja kwa siku, wasizidishe. Wakiniuliza kwa nini hiyo na si zile zinazosifiwa na kila mtu, nawajibu kwamba mama mkwe wangu aliimaliza. Mama mkwe ni mkulima wa mpunga kule Bahi, na kabla ya hapo hakuwahi kukaa mbele ya katuni hata dakika moja.

Nina steshenari ndogo Chang'ombe. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na watu wakitaka muvi nawawekea kwenye flashi. Duka ndicho chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nyuma yake kuna korido fupi, halafu sebule, kisha vyumba vya kulala. Mke wangu anafanya kazi ofisini, anaondoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa nyumbani nabaki mimi na mashine yangu ya kopi. Kazi ikipungua naangalia katuni zangu. Mke wangu aliwahi kujaribu kuangalia nami, akasinzia kwenye sehemu ya pili, mdomo wazi. Shemeji yangu aliponikuta siku moja alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mzima, baba mwenye nyumba, anatoa machozi kwa sababu roboti limeanguka! Nilimwambia halijaanguka, limeangushwa, na tangu siku hiyo hatujaelewana vizuri.

Basi mwaka mmoja, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa, mama mkwe akaletwa kwetu na kidonda. Alijichoma na kisiki cha mpunga wa msimu uliopita pembeni mwa mguu wa kushoto, akapaka majani, akaendelea na kazi. Ana kisukari. Alipofika kwetu mguu ulikuwa umevimba na harufu yake unaisikia ukiwa mlangoni. Daktari akasema kidonda kisafishwe kila siku bila kukosa, si chini ya wiki sita, na akirudi shambani kukanyaga tope kabla ya hapo, mguu wote utaondoka. Mke wangu alinivuta jikoni akanishika mikono yote miwili.

"Asiondoke," akasema. "Mimi sipo mchana. Wewe ndiye upo. Mume wangu, asiondoke."

Kulisema hilo ni rahisi. Tatizo ni kwamba mimi na mama mkwe hatukai pamoja. Kwa watu wa kizazi chake, huko kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Wapo vijana wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, na labda yamepitwa, lakini mama mkwe wangu hakuambiwa. Tulipokwenda kusafisha kidonda, yeye alikaa nyuma ya bajaji na mimi mbele na dereva, nimekalia nusu ya kiti, goti moja liko nje. Mchana nilimwekea chakula alichoacha binti yake kwenye stuli karibu na pazia la sebule. Nakohoa, narudi dukani, pazia linafunguka, sahani inaingia. Salamu zilipita hapohapo. "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe, umeamkaje?" Miaka tisa ya ndoa, na sauti yake niliijua vizuri kuliko sura yake.

Siku ya nne alianza kuulizia basi. Ndege, alisema. Kwelea kwelea wanashuka kwenye mpunga kama mvua, na walioachwa kuwafukuza ni wavivu. Siku ya tano alifunga kibegi chake na kukiweka miguuni mwa kochi. Nilimwashia televisheni. Kulikuwa na tamthilia ya nje iliyotiwa sauti za Kiswahili, watu wazuri wanalia kwenye nyumba safi. Baada ya muda nikamsikia akiuliza, si kwa kuniuliza mimi hasa, "Hawa hawana kazi?"

Nikaingiwa na wazo, na kwa kweli sikulipata kwa upendo. Nililipata kwa uchu wa kupata mtu wa kuangalia naye. Ila nilianza vibaya. Nilimwekea muvi nzuri mno ya vita vya angani, muvi ambayo hadi leo naitetea kwa ngumi. Mama mkwe akauliza pale ni wapi. Nikamwambia ni juu, mbali, kuliko mwezi. Akauliza mvua hunyesha lini. Nikamwambia hainyeshi. Akaniomba nizime kwa sababu macho yanamuuma.

Kesho yake nilikuwa koridoni na kompyuta mpakato yangu magotini, naangalia kivyangu ile ya kikosi cha mlimani. Ilikuwa sehemu ambayo hakuna hata risasi moja. Dude moja limevuja mafuta kwenye goti, na nusu saa nzima askari watatu wanahangaika kulifungua, kulifuta, kulifunga tena, wakigombana kuhusu spana, vyuma vikilia. Pazia halikufunguka, ila sauti ikatoka.

"Mkwe, hao wanatengeneza nini?"

"Goti, mama."

"Goti la nani?"

Nilimweleza. Akasema, "Weka huku nione." Nikapitisha waya mrefu chini ya pazia mpaka kwenye televisheni, ili kinachoonekana kwenye kompyuta yangu koridoni kionekane na kwake sebuleni. Mimi upande huu, yeye upande ule, na katuni moja kati yetu. Heshima haikuvunjwa na goti lilitengenezwa.

Maneno yalikuwa ya Kijapani, na tafsiri chini kwa Kiingereza. Mama mkwe hakusoma shule. Namba anazijua kwa sababu ya simu na mizani ya mpunga, lakini herufi hapana. Kwa hiyo nikawa namsomea kwa sauti, nageuza Kiswahili papo hapo. Nataka nieleweke hapa. Mimi nawachukia wale wanaoingiza sauti zao kwenye muvi, wanaotia utani wao, wanaombadilisha jemadari kuwa muuza chipsi. Nilishawahi kumfukuza mteja dukani kwa kuniletea muvi ya namna hiyo akiisifia. Mimi natafsiri, nilikuwa nasema, sibuni.

Ikawa ndiyo ratiba. Asubuhi kidonda, mchana sehemu moja. Hatukuwekeana masharti, lakini siku moja alipogoma kwenda kliniki na mimi nikadai nimepoteza waya, tulielewana. Nilipiga hesabu ya sehemu zilizobaki nikaona zinavuka wiki sita, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kwamba tamthilia ni ndefu.

Na alivyoiangalia! Mimi niliyejiona mjuzi nilikuwa sijaiona kabisa. Dude lilipozama kwenye tope na askari wakalitandikia matawi miguuni, alidharau kwa sauti. "Matete! Waweke matete, matawi yatavunjika." Yalivunjika. Alitaka kujua nani anapika, kwa sababu watu thelathini hawawezi kukaa mlimani bila mtu wa kupika, na nilipomwambia haijaonyeshwa alisema basi aliyetunga hajawahi kuishi na watu. Sehemu ya tisa mpishi akaonekana. Nikasikia makofi sebuleni. Wateja wangu wakaanza kujua saa zetu. Mmoja alikuja dirishani na cheti chake cha kuzaliwa, anataka kopi tatu za haraka, na kabla sijafungua mdomo sauti ikamjibu kutoka ndani, "Subiri kidogo baba, wamezingirwa."

Kibegi kiliondoka miguuni mwa kochi. Mke wangu aliniambia jioni moja, kwa mnong'ono, kwamba mama yake amemuuliza kama na sisi tunaona jinsi yule kijana wa dude la kijani anavyokonda. Tulicheka mpaka tukazibana midomo. Nilikuwa na furaha sana siku zile, siwezi kusema vinginevyo.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa sajini mzee wa kikosi, mwenye magoti mabovu, anayechemshia chai juu ya injini. Alimwita mzee wa chai. Sajini akifokea vijana, mama mkwe anafoka naye. Sajini akikaa peke yake nje ya hema, sebuleni kunakuwa kimya.

Siku tuliyoangalia sehemu ya ishirini na moja, asubuhi yake muuguzi alikuwa ameniita. "Ndugu wa mgonjwa, daktari anakutaka." Mama mkwe alikuwa bado anafungwa bandeji. Daktari alinisimamisha pembeni kwenye veranda akaniambia kwamba mguu unaendelea vizuri isipokuwa kidole kidogo. Kidole hicho kimekufa. Kikatwe wiki hii, kimoja tu, na mguu utabaki. Tukichelewa, ubaya utahamia kidole kinachofuata, na baada ya hapo hawezi kuahidi kitu. Akaniambia, "Zungumzeni kama familia mumwandae mama."

Ndivyo tunavyofanya. Ugonjwa anaambiwa ndugu, na ndugu ndio wanaoamua mgonjwa aambiwe lini, kwa maneno gani, na nani awepo. Nilimpigia mke wangu simu, akalia, halafu akasema tusimwambie sasa. Tukimwambia leo, kesho yuko Bahi. Tusubiri Jumapili kaka zake waje, mchungaji naye aje. Niliafiki. Kusema kweli nilishukuru. Mama mkwe aliponiuliza kwenye bajaji daktari alisema nini, nilijibu bila kugeuka nyuma kwamba wamebadilisha dawa.

Kesho yake ikawa zamu ya sehemu ya ishirini na mbili. Nilikuwa nimeisahau. Dude la sajini linaangukiwa na mwamba, wanamtoa akiwa hai, na daktari wa kikosi, kijana mdogo, anamwambia mguu lazima ukatwe. Nilikaa koridoni na kompyuta magotini, naona maneno yanapita chini ya picha, na kinywa changu kikasema mambo mengine.

"Anasema ameumia. Anasema watamfunga bandeji, apumzike."

"Ataumwa sana?" akauliza mama mkwe.

"Hapana. Kidogo tu."

Mwenye kuchukia watunzi wa kudandia, siku hiyo nilimtungia mama mkwe wangu hadithi yake peke yake. Na uongo ukiuanzisha unaulea. Sehemu ya ishirini na tatu sajini analia usiku, nikasema anaota. Ya ishirini na nne anakataa kuonana na vijana wake, nikasema ana mafua, hataki kuwaambukiza. Bahati ilinisaidia, maana walimchora kifua na uso, au blanketi limemfunika. Jumapili ikafika. Kaka zake mama mkwe walikuja, mchungaji akaja, wakanywa chai, wakaomba, wakamtakia afya njema. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Hakuna aliyesema. Walipoondoka mke wangu alisema labda Jumatano.

Nilikuwa nimeangalia mbele, kwa hiyo nilijua kilichomo kwenye ya ishirini na nane. Sajini yuko ukingoni mwa kitanda, blanketi chini, na mbele yake mguu wa chuma aliotengenezewa na mafundi wake kwa vyuma vya dude lililokufa. Hapo hakuna cha kusingizia mafua. Siku yake ilipofika, baada ya kliniki, nikaweka ya ishirini na tisa kana kwamba hakuna kitu. Wimbo wa mwanzo ukaanza. Namba ikatokea kwenye kona.

"Mkwe."

"Naam mama."

"Jana ilikuwa ishirini na saba."

Nikapunguza sauti ya wimbo.

"Hii ni ishirini na tisa. Ishirini na nane iko wapi?"

Nilisema imeharibika. Akasema niiweke hivyohivyo ilivyoharibika. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaiweka. Haikuwa na hitilafu yoyote, inang'aa, kila mstari unasomeka. Sajini akatokea ukingoni mwa kitanda. Sikusoma kitu.

"Simamisha," akasema. Nikasimamisha. "Mguu wake uko wapi?"

"Walimkata, mama."

"Lini?"

"Ishirini na mbili."

"Rudisha ishirini na mbili. Sasa nisomee alichosema yeye."

Nilirudisha. Nikaipita mara mbili. Kisha nikamsomea kila neno. Daktari kijana anasema mguu. Sajini anamtukana, matusi mabaya, nikayasoma mbele ya mama mkwe wangu kama yalivyo. Sajini anauliza kama hakuna dawa nyingine. Anaambiwa hakuna. Anauliza atasimama baada ya siku ngapi. Anaambiwa hawajui. Anageukia ukuta kwa muda mrefu, halafu anasema kama ni kukata wakate kungali mapema, na chai yake isimwagwe. Hapakuwa na hotuba. Nilipomaliza nilikuwa nalia, kwa aibu zaidi kuliko kwa huruma.

Dirishani mtu aligonga kwa sarafu, akachoka, akaenda zake.

"Uliniona mtoto," akasema.

"Nisamehe mama."

"Mzee wa watu amelia usiku kucha wewe unaniambia anaota. Nimemcheka. Uliniambia ana mafua nikamcheka." Nikamsikia anavuta pumzi. "Na daktari wangu mimi, ile siku alikuita. Ulirudi kwenye bajaji shingo imekaza. Kaka zangu wamekuja na mchungaji, siyo sikukuu, siyo msiba. Nikanyamaza nikasema wataniambia. Huyo naye alisema nini? Nisomee na huyo kama ulivyonisomea huyu."

Nilitazama pazia. Lina maua ya kahawia, mke wangu alilinunua tulipohamia, na siku hiyo nililiona kila uzi. Nadhani ningekuwa namtazama usoni nisingeweza. Nikamwambia. Nilimpa maneno ya daktari kwa mpangilio uleule alioutumia: kidole kidogo, kimekufa, kikatwe wiki ile, kimoja tu, tukichelewa kinafuata cha pili. Nikamwambia na yetu, kwamba tulipanga kumficha mpaka Jumapili, na Jumapili tukaogopa. Sikumtaja mke wangu kama ndiye aliyependekeza. Nilisema tulipanga.

"Ni siku ngapi sasa?"

"Leo ya nane, pamoja na ile yenyewe."

Baada ya muda nikasikia mkongojo ukigonga sakafu kuelekea chumbani. Nilijua anakwenda kufunga kibegi. Nilimpigia mke wangu nikamwambia nimeharibu kila kitu, mama yake anaondoka. Alirudi mapema kwa bodaboda, akaingia chumbani kwa mama yake, akakaa humo mpaka giza. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Kibegi kilikuwa kimefungwa kweli, akasema, lakini ndani mna khanga mbili, sabuni na kikombe. Ni kibegi cha kulazwa.

Asubuhi tulikwenda watatu, mke wangu ameomba ruhusa kazini. Mimi mbele na dereva kama kawaida. Hospitalini, mke wangu alikwenda kufungua faili, na wakati yuko kwenye foleni ndipo mama mkwe akaitwa ndani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikageuka kutazama ukumbi, kama nilivyofanya wiki zote zile. Daktari alimfungua bandeji. Akamkagua muda mrefu. Kisha akaja mlangoni akanigusa bega, "Ndugu, tuzungumze kidogo pembeni."

"Hapana," nikasema. "Mwambie mwenyewe, daktari."

Daktari alinitazama kana kwamba nimemkosea adabu. Kutoka ndani mama mkwe akaniita.

"Mkwe, ingia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, meza na viti viwili, hakuna pazia wala pa kujibanza. Nikaingia nikasimama ukutani, macho sakafuni. Na sakafuni ndipo ulipokuwa mguu wake, umelazwa kwenye kigoda, nami sikuwahi kuuona wazi.

"Huyu ndiye anayenisomea," akamwambia daktari. "Sasa sema."

Daktari akasema. Vidole viwili, siyo kimoja tena. Leo hiihii, na mguu unaweza kubaki. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Wiki iliyopita vingekuwa vingapi?"

Daktari alinitupia jicho. Nilielewa kwamba yuko tayari kunisaidia, kwamba angeweza kusema ugonjwa haueleweki, kila mwili na mambo yake, na angekuwa hajakosea sana.

"Kimoja, mama," nikasema mimi.

Ndipo nikainua macho. Alikuwa ananitazama. Ni mwanamke mdogo kuliko sauti yake, ana kovu kwenye nyusi, na mke wangu amechukua kila kitu kwake. Sikuona msamaha usoni pake, wala hasira, labda vyote vilikuwemo na mimi sijui kusoma sura. Alitikisa kichwa mara moja.

Daktari akatoa karatasi ya ridhaa na kibweta cha wino wa dole gumba. Akaanza kumshika mkono amwonyeshe pa kubonyeza. Mama mkwe akaurudisha mkono wake mapajani.

"Mpe kwanza anisomee."

Nikaipokea karatasi. Ilikuwa ndefu, chapa ndogo, imefifia kwa kutolewa kopi juu ya kopi. Nikaanza na kichwa cha habari. Nikasoma jina la upasuaji, nikasoma dawa ya usingizi, nikasoma damu, nikasoma maumivu. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba mgonjwa anaweza kupoteza mguu au maisha, nilisita. Kisha nikapasoma vilevile palivyo.

"Endelea," akasema mama mkwe.